Aliyewasomea Wasifu Wafu wa Sinema

Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa anausoma kwenye simu, na kioo cha simu yenyewe kilikuwa na ufa, kwa hiyo kila akifika penye ufa anasita, anaiinamisha simu upande, kisha anaendelea. Marehemu Nestory alizaliwa hapa hapa Sibwesa. Alipata elimu ya msingi. Alikuwa mkulima wa mahindi na tumbaku. Alianza kusumbuliwa na tumbo, akapelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani, mauti yakamfika. Ameacha mjane na watoto wanne. Basi. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na akina mama, khanga kichwani, nimetoka Mpanda asubuhi kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na nilichokisikia kilinikasirisha hata machozi yakagoma kutoka. Nyie watu, nilisema moyoni, hivi mnajua mnamzika nani? Huyu mtu amesoma wasifu wa marehemu wengi kuliko katekista wenu. Amewasomea Wakorea, Wachina, Wahindi na Wafilipino, watu ambao hawakuwahi kuzaliwa wala kufa, na kila mmoja wao alimpa ukoo, kazi, tabia na waliobaki nyuma yake. Leo yeye mwenyewe mmempa maneno ya kumzikia kuku. Msemaji wa familia akauliza kama kuna mwenye neno kabla jeneza halijateremshwa. Nikainua mkono. Lakini wingu lilikuwa limeshasimama upande wa milimani, wanaume wameshashika majembe, na msemaji alikuwa anatazama upande wa wanaume. Akasema basi, kama hakuna, tuendelee. Udongo ukaanza kuingia.

Mwaka ninaoukumbuka mimi haumo kwenye wasifu ule. Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo yangu hayakunipeleka popote, na nilikuwa nauza vocha na kuchaji simu za watu kwenye duka la Mzee Saidi pale Mpanda mjini. Mzee Saidi ukimuuliza kwao ni wapi alikutajia Tabora, Ujiji na Mpanda kwa pamoja, akakuachia uchague. Umeme wakati ule ulikuwa wa jenereta na wa mgawo, leo kwenu kesho kwa wenzenu, na yeye alikuwa na jenereta lake dogo, ndiyo maana duka lake halikukosa watu. Nyuma ya duka palikuwa na stoo. Stoo ile naijua kuliko nyumba yangu ya sasa: magunia ya sukari upande wa kushoto, maboksi ya betri upande wa kulia, ndala za plastiki zimening'inia darini kwa mafungu, na katikati meza moja yenye kompyuta kuukuu ambayo Mzee Saidi aliichukua kwa mteja akidhani itamsaidia kwenye hesabu zake, ikamshinda. Modemu ilifungwa kwa uzi kwenye nondo ya dirisha, maana mtandao ulipatikana pale tu. Ukuta kati ya stoo na duka ulikuwa wa mbao nyembamba, na kila lililosemwa dukani tulilisikia: nani kaachika, ng'ombe wa nani wamekamatwa hifadhini, bei ya mchele wa Majimoto imefikia wapi. Mpaka leo nikisikia harufu ya ndala mpya za plastiki, moyo unanishtuka.

Nestory, ambaye sisi tulimwita Nesto, alikuwa anatafsiri sinema kwenye kibanda umiza karibu na soko. Watoto wangu hawanielewi nikiwaeleza kazi hii, kwa hiyo nieleze. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabanzi na turubai, mabenchi, televisheni moja mbele, na pembeni ya televisheni anakaa mtafsiri na maiki yake. Anapunguza sauti ya sinema, halafu anasema yeye: sauti ya bosi, ya msichana, ya bibi kizee, ya mbwa ikibidi. Kikorea hakijui, Kichina hakijui, Kiingereza chake cha maandishi ya chini ni cha kuungaunga. Watafsiri wa namna hiyo walikuwepo kila mahali. Lakini Nesto alikuwa na jambo lake. Mtu akifa kwenye sinema, Nesto alikuwa anaisimamisha picha, anasimama, anasoma wasifu wa marehemu. Ilianza siku mama mmoja muuza mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, alipolalamika kwamba watu wa kwenye picha wanafukiwa kama mbwa, hata jina hawatajwi. Tangu hapo ikawa desturi. Wanaume walivua kofia. Hata jambazi aliyepigwa risasi sinema ikiwa haijashika moto vizuri, Nesto alimsimamia: marehemu alizaliwa kijijini, mtoto wa katikati, alipenda mpira, aliharibiwa na marafiki, ameacha mama mzazi ambaye mpaka sasa hana habari. Kibanda kizima kinasema masikini. Na mimi, ambaye nilikuwa najiona msomi, nilikaa benchi la nyuma nikamlilia mwizi wa Kichina.

Dokta Mei alikuja Mpanda msimu wa kiangazi. Alikuwa mwalimu wa chuo kimoja cha Asia, anachunguza sinema za kwao zinavuka mipaka vipi na zikifika mbali zinageuka kuwa nini. Alitoka Malesia, na alisema hivyo kila alipoulizwa, lakini watu wa soko walimwita Mchina wakamwuliza barabara ya lami itaisha lini. Alikaa kibandani mchana kutwa. Nesto aliposimama na kusoma wasifu wa bibi mmoja wa Kikorea aliyekufa kwa kifua, Dokta Mei aliniomba nimtafsirie, nikamtafsiria, akatoa miwani akafuta macho. Kesho yake akaja dukani na habari. Chuoni kwao kulikuwa na masomo ya mwaka mmoja kwa njia ya barua pepe, kuhusu sinema za Asia za siku hizi, kwa vijana wa nchi mbalimbali. Atakayefanya vizuri kazi ya mwisho atachukuliwa, asome kulekule miaka miwili, gharama zote juu yao. Nesto akajibu kwamba yeye ni wa darasa la saba. Dokta Mei akasema elimu anayo tayari, Kiingereza nitamsaidia mimi. Hivyo ndivyo nilivyoingia. Jina la mwanafunzi lilikuwa la Nesto, lakini kila somo tulilisoma wawili, na nilichokuwa nakitaka mwaka ule ni kimoja tu: Nesto apande ndege. Nilimpenda, sioni aibu kuandika. Na nilimpenda kwa namna ya kipumbavu, ya kutaka aende mbali.

Diski zilikuja kwa basi ndani ya bahasha za kaki. Tulidhani tutapata ngumi na mapenzi. Tukaweka ya kwanza, tukaona mzee anamenya kitunguu. Akamaliza kukimenya, akamenya kingine. Nesto alikuwa ameshika maiki ya kufikirika mkononi, mdomo wazi, hana la kusema. Ya pili ilikuwa ya mabinti wanasubiri lifti. Ya tatu mvua ilinyesha kwenye bati mpaka Mzee Saidi akatoka nje kuangalia anga, akarudi akitukana. Masomo yaliyokuja kwenye barua pepe yalitutaka tuandike muda unafanya nini ndani ya picha, chumba kinasema nini, mtu akila peke yake anakula na nani. Tulikaa kwenye magunia ya sukari tukabishana. Mke wa Mzee Saidi, Bi Tatu, alituletea chakula mchana: wali wa Majimoto na maharage, au ugali na mlenda, na mgebuka mkavu siku za neema. Alisimama mlangoni na sinia akatazama kidogo, akasema hawa watu wa kwenu mbona hawaongei, wamegombana? Nesto akamjibu kwamba wana msiba, mama. Alikuwa anasema kweli. Karibu kila picha katika zile kulikuwa na msiba uliokwisha pita, na watu waliobaki wanaosha vyombo. Mimi nilianza kuzipenda polepole, kama mtu anavyozoea dawa chungu. Nesto alizipenda mara moja, lakini zilimuumiza. Aliniambia kwamba akiziangalia anajisikia kama amefika kwenye matanga akakuta wenyeji wameondoka.

Upande wa pili wa mbao tuliwasikia wakitusema. Eti Nesto anasomea sinema, kama kuna mtu anasomea kulala. Eti yule binti wa duka amepata mume wa video. Mzee Saidi hakutuonea huruma, lakini alitutetea kwa namna yake; aliwaambia wateja kwamba hata yeye alipoanza kuuza simu walimcheka. Jioni akifunga duka alimuuliza Nesto kama wameshamjibu huko. Nesto alisema bado, ni mpaka kazi ya mwisho. Mzee akamwambia asikae sana bila kuonekana, maana asiyekuwepo na lake halipo. Tulicheka tu. Leo nina duka langu Ilembo, hapa hapa Mpanda, nauza simu na kuwawekea vijana tamthilia za Kikorea kwenye kadi, zimeshatafsiriwa tayari na watu wa Dar wenye studio, sauti safi, haraka haraka, mtu akifa anakufa wanaendelea. Vijana wanazimaliza kwa wiki. Nikiwauliza ilihusu nini, wananijibu ilikuwa kali. Wala siwalaumu, hakuna aliyewahi kuwasimamishia picha.

Kazi ya mwisho ilikuwa sinema moja ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Mzee anaishi peke yake kwenye fleti, mke wake amekufa kabla sinema haijaanza, hatumuoni hata kwenye picha ya ukutani. Mzee anapika, anaweka mabakuli mawili, anakaa, anakula la kwake. Lile la pili linapoa. Kamera haitikisiki. Friji linanguruma. Basi, ndiyo sinema yenyewe. Swali lilimtaka mwanafunzi aipeleke kwa watu wa kwao, awaeleze, arekodi, kisha aandike. Nesto akachagua Majimoto, baada ya mavuno ya mpunga, kwa sababu wakati huo watu wana nafasi ya kukaa. Tukaenda na televisheni ya kuazima. Kibanda cha kule kikajaa wafugaji wa Kisukuma na mikwaju yao, akina mama wa mpunga na watoto mgongoni, waendesha pikipiki waliokuja kwa kusikia kwamba Nesto yupo. Mimi nilishika kinasa sauti. Alianza vizuri, kama walivyotufundisha: akawaeleza kwamba hii ni picha ya kutazama, siyo ya kuongea. Wakavumilia. Mzee akapika. Mabakuli yakawekwa. Ukimya ukaja, ukakaa, ukaendelea kukaa. Kisha mama mmoja wa Kisukuma, mtu mzima, akauliza kwa upole kabisa, "Nesto, baba, marehemu ni nani?"

Nilimtazama Nesto. Nilijua maagizo tuliyopewa, na yeye aliyajua. Kwao huko walitaka asikie friji. Lakini kibanda kizima kilikuwa kimemgeukia, wanaume wameshavua kofia, na katika nchi yetu hii ukiulizwa marehemu ni nani hunyamazi. Akaisimamisha picha. Akasimama. Akamsomea wasifu mke yule asiyeonekana. Alizaliwa milimani kwenye baridi. Alipenda samaki lakini hakupenda kuwapara. Aliolewa na huyu mzee mnayemuona, ambaye ujanani alikuwa na mdomo sana, na yeye ndiye aliyekuwa akimwambia nyamaza ule, chakula kinapoa. Alianza kuumwa, hakusema. Mauti yalimfika akiwa anaanua nguo. Ameacha mume mmoja na bakuli moja. Sijawahi kusikia kitu kama kile, kabla wala baada. Mama yule alijifunika uso na kitenge. Mfugaji mmoja alitoka nje, nikamsikia anapenga kamasi. Nesto akawasha picha tena, yule mzee akaendelea kutafuna, na safari hii hakuna aliyeuliza kitu mpaka mwisho. Ukimya wote waliokuwa wanautaka uliingia mle kibandani, na aliyeufungulia mlango ni yeye. Mimi niliona. Nilikuwepo.

Tukatuma. Niliandika Kiingereza changu chote nilichokuwa nacho. Kisha tukasubiri, Bi Tatu akileta sinia, Nesto akila nusu. Tayari alikuwa anajifunza kusema asante kwa lugha yao. Kule Sibwesa walikuwa wameshamwita mtu wa Asia, na mama yake alikuwa anamwekea asali ya safari kwenye dumu. Jibu lilikuja mchana wa Ijumaa, Mzee Saidi ameenda msikitini, duka limefungwa, kimya. Nikaifungua barua, nikasoma mwanzo tu, nikajua. Nesto alikuwa nyuma yangu. Hakuweza kuisoma lakini aliweza kunisoma mimi.

"Itafsiri kama ilivyo," akasema. "Usinipambie."

Nikatafsiri. Kamati inashukuru. Kazi hii inafurahisha kuisikiliza. Hata hivyo inaonyesha kwamba mwanafunzi hajaielewa filamu. Pale mtengenezaji alipoacha ukimya kwa makusudi, mwanafunzi ameweka hadithi yake. Mtu asiyeweza kuuvumilia ukimya hayuko tayari kwa masomo haya. Wanamtakia kila la heri.

"Amesaini nani?"

"Wako wanne."

"Na Dokta?"

Jina lake lilikuwa la mwisho. "Na Dokta."

Akakaa kwenye gunia. Nikamwambia nitawaandikia, nitawaeleza Majimoto ilivyokuwa, nitamwandikia Dokta Mei mwenyewe aliyefuta macho pale sokoni. Nikaandika kweli, siku ileile na siku nyingine nyingi. Hakuna aliyejibu. Lakini pale stooni Nesto aliniuliza jambo moja tu, na aliliuliza kwa kutaka kujua, bila hasira. "Zuhura, kwao mtu akifa, watu wanakaa kimya tu?" Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui, na huenda hilo ndilo alilotakiwa alijue kabla. Kisha akaizima kompyuta, akafunga vizuri uzi wa modemu uliokuwa umelegea, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alitafsiri tena kidogo, wiki kadhaa. Niliwahi kwenda kumsikiliza, na nilitamani nisingeenda. Mtu alikufa kwenye picha, watu wakavua kofia, wakamgeukia. Nesto alikaa. Aliiacha picha iendelee. Mama wa mgebuka akaguna, watu wakazomea kidogo, halafu wakazoea. Baadaye kukaja diski zilizotafsiriwa Dar, mwenye kibanda akaona hana haja ya kumlipa mtu, na Nesto akarudi Sibwesa kwenye tumbaku. Tuliachana hivyo hivyo, bila neno. Nikaolewa, nikazaa, nikafungua duka. Mara chache nilimtumia salamu kwa watu wa tumbaku, wakarudi wakaniambia yupo, mzima. Nilidhani kule kijijini anaendelea kusimulia, jioni, na watoto wamemzunguka. Nilijifariji kwa wazo hilo miaka yote. Ndilo nililokwenda nalo msibani.

Baada ya mazishi mvua haikunyesha, wingu lilitudanganya tu. Tukapewa wali na maharage uwanjani. Niliingia ndani kumpa pole mjane. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mwanamke mwembamba, mkarimu, akanisogezea nafasi. Chumbani kulikuwa na kitanda, debe la mahindi, shati la marehemu kwenye msumari. Nikamwambia naitwa Zuhura, natoka Mpanda, nilisoma na marehemu.

Akasema, "Alisoma?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote pale kwenye mkeka, kwa pupa, wasifu ambao sikupewa nafasi ya kuusema kaburini: kibanda, maiki, bibi wa Kikorea, Majimoto, akina mama walivyojifunika vitenge, sauti zake zote, ya bosi, ya msichana, ya mbwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mgeni aliyepotea njia. Kisha akanishika mkono.

"Dada, labda unamsema mwingine," akasema. "Mume wangu alikuwa mtu wa kimya. Watoto wakiwasha sinema kwenye simu, alikuwa anatoka nje, anakaa kwenye jiwe mpaka iishe. Hata kuumwa hakusema."

Sikumbishia. Msichana akaleta sahani mbili za wali, akaziweka mbele yetu, akatoka. Mjane akala kidogo. Yangu ilipoa. Nje wanaume walikuwa wanapanga viti vya kuazima, na mle ndani tukakaa hivyo, muda mrefu, na hapakuwa na mtu wa kusimama na kusoma.